Wakamba wa Paraguay: Je, Jina Latosha Kuthibitisha Asili ya Ngoma?

Kuna simulizi moja isiyochoka kusafiri. Utaisikia ndani ya matatu za barabara ya Kangundo, utaisikia katika vikao vya harusi hapa Tala, na siku hizi video zake huzunguka kwenye simu kutoka kundi moja hadi jingine. Inasimuliwa hivi: huko Paraguay, Amerika ya Kusini, kuna Wakamba. Walitekwa zamani, wakavushwa bahari wakiwa watumwa, na hadi leo wanapiga ngoma na kucheza kama mababu zao wa Machakos na Kitui. Ushahidi je? Si wanaitwa Kamba! Hapo kikao kizima hutikisa kichwa, na lazima atokee mzee wa kusema kwamba Mkamba hapotei.

Simulizi hiyo ni tamu, na sioni dhambi ya mtu kufurahia kupata ndugu ng'ambo. Hata hivyo, mpenzi msomaji, shahidi mkuu anayeitwa kuithibitisha ni neno moja tu: kamba. Na kwa kuwa shahidi ni neno, wanalugha wana haki ya kumhoji. Hebu tumsimamishe kizimbani leo tuone kama maneno yake yanasimama.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Kamba Kua ni kitongoji kilichoko Fernando de la Mora, mji unaopakana na Asunción, jiji kuu la Paraguay. Wakaazi wake ni wazawa wa watu weusi waliofika huko mwaka 1820 wakiandamana na José Gervasio Artigas. Artigas alikuwa kiongozi wa vita vya ukombozi katika nchi ambayo leo tunaiita Uruguay. Aliposhindwa alikimbilia Paraguay kuomba hifadhi, na miongoni mwa waliomfuata walikuwamo wanajeshi weusi na familia zao. Mtawala wa Paraguay wakati huo, José Gaspar Rodríguez de Francia, alimpokea Artigas na kumpeleka akakae mbali na jiji, katika mji wa Curuguaty. Wale wafuasi wake weusi walipewa ardhi ya kulima karibu na Asunción. Artigas mwenyewe hakurudi kwao tena. Alifia Paraguay mwaka 1850.

Kila mwaka, tarehe 6 Januari, watu wa Kamba Kua huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Baltasar, yule mmoja wa mamajusi watatu ambaye mapokeo ya Kikristo humchora akiwa mtu mweusi. Siku hiyo ngoma hulia, wanawake kwa wanaume wakacheza, na jirani zao wa rangi nyingine huja kutazama. Kikundi chao cha densi kinajulikana kote nchini humo. Ngoma hizo ndizo tunazoziona kwenye video tunazotumiana, na kwa kweli zinapendeza.

Sasa jina. Lugha rasmi za Paraguay ni mbili, Kihispania na Kiguarani, na Kiguarani ni lugha ya wenyeji asilia wa sehemu hiyo ya Amerika. Katika Kiguarani, neno kamba maana yake ni mtu mweusi. Neno kua maana yake ni shimo au pango. Kwa hiyo Kamba Kua ni "pango la watu weusi", yaani mahali wanapokaa weusi. Jina hilo limetungwa kwa lugha ya wenyeji waliowakuta pale. Hata matamshi hayalingani na yetu: Mguarani huweka mkazo kwenye silabi ya mwisho, kambá, ilhali sisi huuweka kwenye ile ya pili kutoka mwisho. Tena Paraguay ina jamii nyingine za watu weusi zisizohusiana na Artigas hata kidogo. Mji wa Emboscada, kwa mfano, ulianzishwa katika karne ya 18 na watu weusi na machotara walio huru. Kwa Kiguarani, hao nao ni kamba, kila mmoja wao. Kama neno hilo ni kitambulisho cha Mkamba, basi itabidi kila mtu mweusi atakayeshuka uwanja wa ndege wa Asunción, awe Mluo, Mnijeria au Mjamaika, ageuke Mkamba pale pale!

Huenda msomaji akauliza: sadfa gani hii ya neno kufanana herufi kwa herufi? Jibu liko ndani ya Kiswahili chetu wenyewe. Tunayo kamba ya kufungia ng'ombe. Tunaye kamba wa baharini, na binamu yake mkubwa kambakochi. Kisha tunaye Mkamba wa Ukambani. Maneno matatu, sauti moja, asili mbalimbali. Hakuna aliyewahi kudai kwamba Wakamba walitokana na samaki wa gamba au walikuwa wasokotaji wa kamba. Tukivuka hadi Angola, lugha ya Kimbundu ina neno kamba lenye maana ya rafiki. Ikiwa ndani ya Kiswahili pekee neno hili halithibitishi undugu, litathibitisha vipi baina ya Machakos na Asunción?

Isitoshe, Kiguarani kina tabia za sauti zinazoweza kumhadaa Mbantu yeyote. Silabi zake, kama zetu, huishia kwa vokali. Tena kina sauti zinazoanza kwa ukanda wa pua, yaani mb, nd na ng, zile zile tunazojivunia katika mbuzi, ndizi na ngoma. Nyoka kwa Kiguarani ni mboi. Mkate bapa wa wanga wa muhogo unaopendwa sana Paraguay huitwa mbeju. Mtu wa Tala akisikia mbeju atadhani mwenzake amekosea kutamka mbegu. Lugha mbili zikitumia matofali ya namna moja, si ajabu zikajenga kuta zinazofanana hapa na pale. Wanaisimu hawahesabu neno moja kuwa ushahidi kwa sababu hiyo. Wao hutafuta mfululizo wa maneno yanayofanana kwa utaratibu unaojirudia, yenye maana zinazokaribiana, pamoja na historia inayoeleza jinsi yalivyofika huko.

Tukiuliza habari ya njia, mambo yanazidi kuwa magumu. Baina ya mwaka 1777 na 1812, watumwa zaidi ya 70,000 waliteremshwa katika bandari za Montevideo na Buenos Aires, wengine moja kwa moja kutoka Afrika na wengine kupitia Brazil. Wengi walitoka Angola, Kongo na pwani ya Msumbiji. Msumbiji ni mashariki mwa Afrika, na kwa hivyo siwezi kusema kwamba hakuna damu ya upande huu iliyofika kule. Ila watu waliopakiwa Msumbiji walitoka nyuma ya pwani hiyo, wengi wao wakiwa Wamakua na majirani zao. Wakamba wa karne ya 18 walikuwa wakienea kutoka vilima vya Mbooni kuelekea Kitui, mbali kabisa na njia hizo. Karne ya 19 ilipofika, hao hao Wakamba ndio waliokuwa wafanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu baina ya bara na Mombasa. Mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliwakuta Wakamba wamekwisha kujenga makazi karibu na pwani, na mwaka 1849 akasafiri hadi Ukambani na kuonana na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui. Kufikia wakati huo, wale wa Artigas walikuwa wamekaa Paraguay karibu miaka 30.

Hapo ndipo baadhi ya wasomaji watasema profesa ameharibu karamu. La hasha. Nataka kuonyesha kwamba ngoma ya watu waliohama inaweza kweli kuthibitisha asili, ila inabidi tujue tutazame wapi. Tusitazame jina la watu peke yake. Tufungue ngoma tutazame maneno yaliyomo ndani yake.

Chukua Gujarati, magharibi mwa India. Huko wako Wasidi, wazawa wa Waafrika waliofika kwa karne nyingi wakiwa watumwa, mabaharia, askari na wafanyabiashara. Leo wanazungumza Kigujarati kama majirani zao, na wengi ni Waislamu wanaomheshimu walii aitwaye Bava Gor, ambaye kaburi lake liko Ratanpor, wilaya ya Bharuch. Katika ziara na sherehe zao hucheza ngoma, na ngoma hiyo wanaiita goma. Unaona? Sauti ya ng mwanzoni mwa neno haina makao katika Kigujarati, ikadondoka ile nazali, likabaki umbo goma. Moja ya ngoma zao ndogo huitwa musindo, na sisi tunajua msindo ni nini: ni kishindo cha ngoma au cha nyayo. Tena irabu u iliyomezwa katika msindo wetu wa leo bado inasikika kwao. Hapa hatuna neno moja lililookotwa njiani. Tunayo maneno ya fani moja, yenye maana zinazolingana, yaliyobadilika kwa njia inayoelezeka, na tunajua majahazi yalipita wapi.

Au nenda Ghuba: Oman, Muungano wa Falme za Kiarabu, Bahrain, Kuwait. Huko kuna mchezo uitwao leiwa, unaochezwa hasa na jamii zenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki. Wachezaji huzunguka duara, mpiga zumari akawa katikati, ngoma zikavuma. Majina ya ngoma hizo? Msondo na chapuo. Mswahili yeyote wa rika langu anazijua: msondo ni ile ndefu, chapuo ni ile ndogo yenye sauti ya juu. Nyimbo za leiwa zimechanganya Kiarabu na Kiswahili, na wapo waimbaji wanaoyaimba maneno ya Kiswahili bila kuyaelewa tena. Tunajua pia historia iliyowapeleka. Sayyid Said bin Sultan alikuwa amehamishia makao yake Zanzibar kufikia mwaka 1840, na katika karne hiyo ya 19 watu wengi wa pwani na bara walipelekwa Ghuba kupiga mbizi za lulu na kuhudumia mitende. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Lugha ilikufa midomoni ikabaki kwenye ngoma.

Huo ndio ushahidi unaosimama. Lakini hata huo una mipaka yake, kwa sababu ngoma nayo huhama bila watu wake. Mfano ni beni. Mtindo huu ulizuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ukaenea Tanganyika, Nyasaland hadi Kongo. Mwanahistoria Terence Ranger aliuandikia kitabu kizima mwaka 1975. Kule Ukambani nako ulifika, ukaitwa mbeni. Neno lenyewe ni "bendi" ya Kiingereza iliyovaa vazi la Kibantu. Je, kuna anayedai kwamba Wakamba walitoka Uingereza kwa kuwa walicheza mbeni? Vilevile, tangu Bomas of Kenya ianzishwe mwaka 1971, wachezaji wa makabila mbalimbali wamekuwa wakicheza ngoma za wenzao pale, na ni jambo la kawaida Mkamba kucheza ngoma ya Wachuka akashangiliwa. Ngoma hutuambia nani alijifunza kwa nani. Habari ya nani alimzaa nani ni jambo jingine.

Wala si Waafrika pekee waliowahi kunaswa na mtego wa jina. Wahungaria, watu wa Ulaya ya Kati, kwa muda mrefu walisimuliwa kuwa ni wazao wa Wahuni wa mfalme Attila, kwa kuwa Hungaria na Huni yanafanana masikioni. Kumbe wenyewe hujiita Magyar, na jina Hungaria wataalamu hulifuatilia hadi kwa Waonoguri, kundi la makabila ya Kituruki. Mwaka 1770, padri János Sajnovics alichapisha kazi ikionyesha kwamba lugha yao inahusiana na ile ya Wasami wa kaskazini kabisa mwa Ulaya. Wengi walikasirika. Nani alitaka kuambiwa kwamba ndugu zake ni wavuvi na wafugaji wa paa wa barafuni badala ya majemadari wa Attila? Utafiti uliofuata ukaithibitisha hoja yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Béla Bartók na Zoltán Kodály walizunguka vijijini na mashine ya kurekodia sauti wakikusanya nyimbo za wakulima, na Kodály akaonyesha kwamba nyimbo za kale za Wahungaria zinafanana kwa muundo na zile za Wamari wa bonde la mto Volga. Muziki ulisema kweli ambayo jina liliificha.

Kazi hiyo ilikuja kuwa na faida ambayo wakusanyaji hawakuitarajia. Baada ya maasi ya mwaka 1956 kuzimwa, Wahungaria wapatao 200,000 walikimbia nchi yao, wengi wakaishia Marekani na Kanada. Mwaka 1972, vijana wa Budapest walianzisha vikao vya kucheza ngoma za vijijini kama zichezwavyo kijijini, bila madoido ya jukwaani, na vikao hivyo vikaigwa na Wahungaria wa ughaibuni. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo aliweza kujifunza ngoma ya nyanya yake kwa sababu kuna mtu aliyeirekodi na kuandika ni ya kijiji gani, inaitwaje, na inachezwa lini.

Turudi Paraguay, maana pana jambo zito kuliko neno. Watu wa Kamba Kua walipewa ardhi yao kwa sababu ya historia mahususi: walikuja na Artigas mwaka 1820, wakapokelewa na serikali. Katika karne ya 20 sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilitwaliwa na serikali, na wamebakiwa na kipande kidogo tu. Madai yao ya kurudishiwa yamesimama juu ya historia hiyo. Ngoma ya tarehe 6 Januari ndiyo inayowakusanya na kuwakumbusha ni akina nani. Sasa sisi tukija na kusema, "Nyinyi ni Wakamba wa Kenya," tunadhani tumewapa zawadi, kumbe tumewavua miaka 200 ya historia yao. Aliyekuwa askari wa vita vya ukombozi tunamgeuza mpotevu wa Machakos.

Mkamba anapaswa kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipoanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo, Muindi Mbingu aliongoza umati wa wanaume, wanawake na watoto kwa miguu kutoka Machakos hadi Nairobi kumwona Gavana. Alihamishiwa Lamu kwa ajili hiyo. Hebu fikiria msomi wa mbali atangaze leo kwamba walioandamana walikuwa watu wa taifa jingine, eti kwa kuwa jina Mbingu linafanana na neno fulani la lugha yake. Tungemsikiliza kwa upole? Sidhani.

Basi hakuna undugu wowote? Upo, ila ni mkubwa na wa kale kuliko ule wa kwenye video. Huko Uruguay alikotoka Artigas, wazawa wa Waafrika wana ngoma iitwayo candombe, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2009. Wataalamu wengi hulihusisha jina hilo na ndombe, mzizi wa lugha za Kibantu za Angola na Kongo wenye maana ya weusi. Mtu anayetafuta jamaa wa ngoma za Kamba Kua aanzie Montevideo, kisha avuke bahari hadi Luanda. Na akifika Luanda aulize ngoma inaitwaje kwa Kimbundu. Ataambiwa: ngoma. Neno hilo limetapakaa kutoka Atlantiki hadi Bahari Hindi, na Msidi wa Gujarati analo. Hapo ndipo tunapokutana na wenzetu wa Paraguay, kama wapo tunaokutana nao: kama Wabantu wa maelfu ya miaka. Huo ni udugu wa kutosha, na hauhitaji kughushiwa cheti.

Swali linalobaki ni letu hapa nyumbani. Krapf alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki mwaka 1850, Kikamba kikiwamo. Paul Kavyu aliandika utangulizi wake wa muziki wa Wakamba mwaka 1977. Tangu hapo, ni wangapi wamekaa chini na akina nyanya wanaocheza kilumi wakaandika majina ya ngoma, ya miondoko, ya mavazi, ya sehemu za wimbo? Kijana wa Tala anaweza kukutumia video tano za Kamba Kua, lakini muulize ile ngoma ndefu ya kilumi huitwaje. Wengi watabaki kuduwaa. Huitwa mwase.

Watoto wa Wakamba wanazaliwa leo Marekani, Uingereza na Ghuba, na siku moja watacheza ngoma huko na kuulizwa wametoka wapi. Jina halitawatosha, kwa maana tumeona jina linavyoweza kudanganya. Watakachohitaji ni maneno yaliyomo ndani ya ngoma, na maneno hayo bado yamo vinywani mwa wazee wa Matungulu na Kangundo. Simu tunazotumia kusambaza simulizi za Paraguay zina kinasa sauti pia. Vikundi vya vijana na shule za hapa zianze na kilumi, neno kwa neno, wakati wanaoyajua wangali hai.